Nilivyompakia Baba Kabula Kisumu

Jumatatu, 9 Agosti 1993

Nimefua nepi, nimechemsha maji, nimemnyonyesha Kabula. Mume wangu yuko nje anajaza baiskeli upepo. Kiwanda chao cha nguo kule Mwanza kimesimama, wote wamepewa likizo isiyojulikana mwisho. Wenzake wamerudi kulima. Yeye akasema hajawahi kuona nchi ya watu, tupande meli na baiskeli yetu, Kisumu kwanza, halafu Kampala. Ndugu zake wakasema amechanganyikiwa. Mimi nilifurahi. Bado nafurahi.

Leo tumekwenda hadi Dunga, ufukweni hapa Kisumu. Yeye anaendesha, mimi nyuma, mtoto mgongoni. Ziwa ni lilelile letu ila limegeuka upande. Kurudi, kwenye kimlima, tulishuka tukakokota. Amekohoa sana. Vumbi la huku ni baya.

Jumanne, 10 Agosti

Hatukutoka. Ana homa. Nimempa klorokwini. Mama Akinyi, mwenye nyumba tulikopanga chumba, kaleta uji bila kuombwa. Anatucheka tunavyoongea. "Nyinyi watu wa Tanzania mnaomba hata maji ya kuoga! Sema tu, lete maji." Mkanda wa Baba Kabula una tundu jipya. Kalitoboa mwenyewe kwa msumari.

Alhamisi, 12 Agosti

Alitaka kuona soko la Kibuye. Akapiga pedali mpaka kwenye kona tu, akasimama. Miguu inatetemeka. Akakaa kando ya mtaro, hanitazami. Nikamwambia ahamie nyuma, nitaendesha mimi. Akacheka. Nikasema sitanii.

Nilijifunzia kwetu Kamanga nikiwa darasa la nne, kwa kupitisha mguu katikati ya fremu. Tangu niolewe sijaendesha. Nimevaa suruali yake chini ya gauni. Kabula mgongoni kwangu, baba yake nyuma ya Kabula, ametukumbatia wote wawili. Nilitegemea nitashindwa kumbeba. Sikushindwa. Mwepesi. Hilo ndilo lililoniuma.

Vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli walipiga kelele: "Mama, huyo ni bwana ama ni mzigo?"

Baba Kabula akawajibu: "Mzigo! Bwana wake kabaki Mwanza."

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Na mimi.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimempakia tena. Tumeona stesheni ya treni, maduka ya Wahindi yenye vioo virefu, kanisa kubwa. Anaamrisha kama bosi, pita hapa, simama pale. Leo tumekuwa na raha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jioni nikitandika nimekuta leso yake chini ya godoro. Ina damu.

Jumamosi, 14 Agosti

Mama Akinyi kaniita jikoni. Mwaka jana alimzika mdogo wake. Hakutaja ugonjwa. Kasema, "Mpeleke kwao wakati bado anaweza kukaa. Mwili kuvuka mpaka ni taabu." Nikamchukia. Kisha nikamshika mkono.

Basi naandika mwenyewe. Ukimwi. Sijui kama na mimi ninao. Sijui Kabula. Nimemtazama akinyonya, nikamtoa, akalia, nikamrudisha.

Huenda ni kifua kikuu tu. Kifua kikuu kina dawa.

Jumapili, 15 Agosti

Kesho kuna meli ya kwetu. Kesho pia kuna basi la Kampala. Nimemwambia turudi. Amekataa. Amesema Kampala ina vilima vingi, nianze kula vizuri nipate nguvu za kumpandisha. Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Nifikishe tu, Mama Kabula. Nikirudi Mwanza sitoki tena."

Sijawahi kumnyima kitu. Kwao ana mama. Kampala hatuna mtu. Sijui nifanye nini.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimempakia na vitu vyetu mpaka njia panda. Kushoto stendi, kulia bandarini. Akasema, "Kushoto." Nimekwenda kulia. Mikono yake ililegea kiunoni kwangu, akashika chuma cha kiti.

Kwenye meli hajasema na mimi hata neno.

Jumatano, 18 Agosti. Buhongwa

Tupo kwao. Nilimwamkia mama mkwe, shikamoo mama. Hakuitikia. Alikuwa anamwangalia mwanawe. Amempakata kichwa kama mtoto.

Leo ameniomba uji. Nimelia nikiukoroga.

Jumamosi, 28 Agosti

Wadogo zake wamekuja, akawahadithia Kisumu. Akawaambia nimempakia mji mzima. Hawakuamini, wakanitania, "Shemeji, kesho utupakie na sisi." Akasema Kampala tutakwenda Krismasi. Hakunitazama alipotaja Kampala. Leo amekula ugali kidogo. Nadhani anapata nafuu.

Jumatatu, 6 Septemba

Tulimzika Alhamisi, karibu na baba yake.

Wageni wameondoka, nyumba imepoa. Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha. Akaniuliza kule ugenini mwanawe alikuwa anataka nini. Nikamwambia alitaka kurudi nyumbani. Kila siku, nikasema, alikuwa anakutaja, mama.

Akaweka mchicha chini. Amelia vizuri, akajinyoosha kwenye mkeka, akalala usingizi.

Nimemaliza mchicha mimi. Kabula ameamka, nakwenda kumnyonyesha.