Maji ya Kunawa ya Shemeji Feza

Kaka,

Nakuandikia Kiswahili. Kifaransa nakijua sasa, lakini nikikiandika ni kama ninaongea na muwalimu, na wewe hukuwa muwalimu wangu.

Tangu udongo wa shimo la dhahabu la Omate ukuangukie, sijalia. Watu wananiangalia, wananingoja. Ninakula, ninalala, ninaenda masomo. Ndani iko kimya tu.

Jumapili jamaa yote, hata shemeji na mutoto, tulikula kule Walikale, kwa ile bistro ndogo ya kartie, ule mutaa wa zamani, kati ya nyumba za Waungwana zenye kuta nene. Ulikuwa unasema utanipeleka siku moja nikajifunze kula na kisu na forsheti. Papa njo alichagua pale. Alisema neno gumu lisemewe kwa nyumba ya muntu mwingine, maana huko watu wanaona haya kugombana.

Neno lenyewe lilikuwa mimi. Matanga yako yameisha, na Baba mukubwa anataka nirithi shemeji Feza, mutoto wenu Bahati, na nyumba. Niache masomo, nirudi Nyabiondo kulima maharagi. Papa alijaribu kusema kwamba nikiisha kuoa, mapadri wa masomo hawatanipokea tena. Baba mukubwa akajibu kwamba padri hatakuja kumulishia mutoto wako. Papa akaangalia chini. Mimi pia. Unanijua: hata mwenye bistro aliponiuliza kama nataka paja ao kidari, nilishindwa kujibu.

"Huyu bwana-arusi mupe paja," Baba mukubwa akamwambia. "Iko na kazi mbele."

Watu wa meza ya pili walicheka.

Kuku alipofika, pamoja na bugali na sombe ya majani ya muhogo, Baba mukubwa aliitisha birika na beseni. Pale bistro kila muntu anajinawia mwenyewe karibu na mulango, lakini yeye alitaka desturi ya kwetu: shemeji amunawishe kwanza yule atakayekuwa bwana wake, sisi wote tukiona, basi ndoa imekwisha.

Shemeji alisimama. Amekonda, Kaka. Alikuja na birika mpaka mbele yangu, na mimi nikatoa mikono. Sikufichi: niliitoa. Ningechukua chochote wanachonipa, kwa sababu hakuna kitu nilichokuwa nataka. Mikono ilibaki hewani, mikavu.

Akanipita. Akainama chini ya meza, mahali Bahati alikuwa anafungua kamba za viatu vya Papa, akamutoa, akamukalisha kwa kiti na kumumwagia maji, kidole kimoja kimoja.

"Bwana wangu njo huyu," alisema. "Nyumba ni yake, mimi ninamulindia. Huyu mwingine, akiwa mudogo, nilimutoa funza kwa miguu akilia. Nitaolewa naye namna gani?"

Baba mukubwa anajua kuliko sisi wote kwamba inaruhusiwa: mujane mwenye mutoto mwanaume anaweza kubaki kwa nyumba kwa jina la mutoto wake. Alimuangalia shemeji, akaangalia maji yanavyotiririka mezani. Mwisho akamugeukia Bahati.

"Haya, bwana mukubwa. Utugawie kuku."

Bahati akachukua firigisi, ile ambayo nyumbani ni ya Papa peke yake, akaiweka yote mudomoni. Papa alicheka mpaka akajifuta macho. Nami nilicheka, mudomo tu. Ndani hakikufika kitu. Nilikula lile paja, na hata sasa siwezi kukuambia lilikuwa na ladha gani.

Tulipotoka, shemeji alinifunga kifungo cha shati, kama zamani, akaniambia nirudi masomo na nisimuangalie hivyo, yeye hajanikataa. Nilitaka kusema asante. Sikusema. Umusaidie kuisikia, kama huko munaweza.

Sasa nakuacha, Kaka. Kila vakansi, masomo yakifungwa, nitapanda mpaka Nyabiondo kupalilia maharagi ya Bahati, na siku atakapouliza baba yake alikuwa anacheka namna gani, nitamuonyesha, hata kama watu wamejaa. Wewe lala. Nyumba yako iko na mwenyewe.

Mudogo wako