Kanyagio Halisikiki

Tarehe 3 Machi

Kwa dada yangu mpendwa,

Hujambo? Huku sote wazima. Baba bado anakohoa moshi wa kuchomelea vyuma, na bado anadai ni vumbi tu. Wewe je, masikio hayajachoka na makelele ya watu?

Nyimbo zimefika, zote tisa. Tulikaa bendi nzima, watu wanne, kwenye chumba cha mazoezi, mwimbaji akaweka spika juu ya kiti. Wimbo wa kwanza ulipoisha mpiga besi akanigeukia: "We bwana, hivi ndivyo unavyopiga?" Nikamjibu, "Sasa ulidhani nani?" Dada, kichwa kilivimba. Miaka yote naambiwa mguu wangu mfupi unachelewa kwenye dramu kubwa, na leo unatua pale pale. Kumbe ulikuwa unangoja fundi wa kuchanganya sauti anayejua kusikiliza kama wewe.

Jumapili nitamwekea baba. Ahsante sana, umenipa heshima mbele za watu.

Mdogo wako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, nami niko salama. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zimenibana. Kuna bendi imenitumia magitaa kumi na manne ndani ya wimbo mmoja, na kila mpigaji anataka lake ndilo lisikike.

Nimefurahi mmezipenda. Sikufanya kubwa, nilipanga na kusafisha tu. Usinisifu sana. Mwambie baba avae kile kitambaa mdomoni.

Dada yako


Tarehe 11 Aprili

Dada yangu,

Habari za siku? Sisi hatujambo, ila mimi goti.

Baba alizisikiliza zote, sikio karibu liguse spika. Mwishoni akauliza, "Na kanyagio langu?" Unalikumbuka, lile alilonichomelea nikiwa darasa la sita, akaliinua upande mmoja ili mguu ulifikie, na nikilikanyaga linalia kama mlango mbovu. Nikamwambia dada amelisafisha. Akasema, "Kanyagio halisikiki," akarudi kwenye vyuma vyake.

Sasa nina shida. Tarehe 30 Mei tuna onyesho la uzinduzi, na mwimbaji anataka tupige kama kwenye rekodi, bila kupungua. Nashindwa. Najirekodi kwa simu, nalinganisha, nakuta nachelewa. Sijui siku zile studio nilipatwa na nini nikapiga vile. Kila asubuhi nakaa kwenye dramu mpaka goti linavimba. Hebu nisaidie, wewe uliyesikiliza kila pigo. Nilikuwa nakanyaga kwa kisigino au kwa vidole?

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Dada,

Natumaini u mzima, maana simu hupokei na barua pepe hujibu.

Daktari amenikataza kukanyaga kitu chochote kwa wiki sita. Mwimbaji amepata mtu wa kushika nafasi yangu, naye anapiga kama kwenye rekodi. Simlaumu mtu. Kinachoniuma ni kwamba nimeshindwa kujifikia mwenyewe.

Mdogo wako


Tarehe 7 Mei

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, na aliyeisababisha ni mimi.

Uliniuliza kisigino au vidole. Barua hiyo nimeifungua kila siku kwa karibu wiki nne, na kila siku nimeifunga kwa aibu. Anayepiga kwenye nyimbo zile si wewe. Mwimbaji aliniandikia, "Dramu zikae sawa." Nikasogeza pigo moja la mguu, kwenye wimbo wa tatu. Nikasogeza la pili. Kufika Ijumaa nilikuwa nimeyasogeza yote, kisha nikaitoa hata sauti ya dramu yako, nikaweka milio niliyonayo kwenye kompyuta, iliyopigwa na mtu nisiyemjua. Ndiyo maana kanyagio la baba halimo.

Kazini kwetu hili ni jambo la kawaida, nami nimewafanyia wengi bila kuona haya. Lakini wewe ulinishukuru, na mimi nikazipokea zile shukrani. Mimi niliyekuwa nikipigana na watoto waliokucheka mguu, ndimi niliyekuja kuuficha. Naona aibu, mdogo wangu, na sijui niifanyeje.

Wenzako nimewaandikia ukweli wote. Hapa nakutumia nyimbo tisa kama ulivyozipiga. Sikugusa kitu.

Dada yako


Tarehe 24 Juni

Kwako fundi,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Goti limenywea.

Nyimbo nimezisikiliza. Kuchelewa nachelewa kweli, kwenye wa tatu mpaka nikacheka. Lakini nimegundua kitu. Mpiga besi naye anachelewa pale pale ninapochelewa mimi. Nilipomuuliza akasema miaka saba amekuwa akinisubiri, hakuona haja ya kunitangazia. Uliponisogeza mimi ukalazimika kumsogeza na yeye, na hukumuuliza hata mmoja wetu.

Ungeniambia siku ile ile, ningerudia kupiga. Ningerudia hata mara mia. Hilo ndilo linalonikaa kooni.

Wenzangu walipoisoma barua yako waliahirisha onyesho. Agosti tunarekodi upya, na wanataka uchanganye wewe. Nimekubali, kwa sababu simjui mwingine mwenye masikio kama yako. Ila safari hii usingoje kutumiwa. Uje ukae chumba kimoja nami, unitazame mguu ninapopiga. Nisamehe kwa kukuandikia kama mteja. Kwa sasa ndivyo ninavyoweza.

Baba nimemwekea. Wimbo wa kwanza haujafika nusu akainua kidole, akasema, "Lile pale." Kisha akauliza mwanzoni lilikuwa limeenda wapi. Nimemwambia utakuja kumweleza mwenyewe.

Mpiga dramu