Alinialika Chakula cha Mlimani, Viatu Vyangu Vikatoweka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana Jumapili nimealikwa tena kule kule, na mama yangu ameshanipigia pasi gauni.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, namsaidia daktari wa meno hapa mjini Karakol, na kuna kijana anaitwa Mederbek anayetuletea vifaa vya kliniki, mpole, mcheshi, na nakiri kwako kwamba kila akija mimi hukimbilia chooni kujipaka rangi ya mdomo, kwa hiyo usidhani naandika kwa sababu simpendi, nampenda, na hilo ndilo linaloniumiza. Basi majuzi mwenzangu wa kazini, Zuura, ambaye ni binamu yake, akaniambia, "Shoga, Jumamosi twende tukale mlimani, shangazi yetu ana yurta kule juu, lile hema la duara la sufu, anawapikia watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji, Mederbek atatupeleka, tuko kundi." Nikauliza kundi la nani, akasema, "We njoo tu, utawaona."

Barabara ilipoishia tukaacha gari, tukapanda lile gari la minyororo linalopita juu ya theluji, na kundi sikuliona, tulikuwa mimi, Zuura, Mederbek na dereva, nikauliza wengine wako wapi, Mederbek akasema wametangulia, Zuura papo hapo akasema wanakuja nyuma, kisha wakatazamana.

Kule juu simu haishiki. Shangazi akanipokea mlangoni kwa mabusu mengi kuliko anayopewa mgeni, akanishika mikono akaigeuzageuza, akasema, "Hii mikono ya kazi, vizuri," na ndani jiko linanguruma, kitambaa cha chakula kimejaa maandazi na siagi na sahani za watu wengi, na bibi vizee watatu wamekaa upande wa heshima wananitazama kama farasi wa mnadani. Upande mmoja kulikuwa na pazia jipya, bado lina alama za mikunjo ya dukani. Nikajifanya natafuta maji ya kunawa, nikachungulia, nikaona magodoro yamepangwa na juu yake mtandio mweupe, ule ule anaofungwa bibi harusi, awe amekubali au ametekwa aolewe kwa nguvu, kama wafanyavyo wengine huku kwetu. Nikarudi mlangoni kutafuta viatu vyangu, sivioni, vya wengine vyote vipo.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Vimelowa, mwanangu, vimepelekwa kukaushwa," shangazi akasema. "Kaa ule, nyama inaiva."

Zuura hakuniangalia, alikuwa anachezea kijiko. Nje nikamsikia Mederbek anacheka na dereva, halafu gari likawashwa, likaondoka.

Nikasema naenda msalani, nikatumbukiza miguu kwenye mabuti ya mpira ya mtu nisiyemjua, nikaupita msala nikaenda hadi yurta ya pili, ambako kulikuwa na wateja wa kweli, wazee wa kutoka mji mkuu, Bishkek, nikaingia bila hodi nikakaa katikati yao. Mama mmoja mnene mwenye kofia nyekundu akanitazama usoni, akatazama yale mabuti, akanisukumia bakuli la supu. "Kula, binti." Shangazi akaja nyuma yangu anahema.

"Huyo ni mgeni wetu."

"Alikuwa. Sasa ni wetu. Nani kamwibia viatu?"

"Hakuna aliyeiba. Mama wewe, haya ni mambo ya familia."

"Basi iite familia yote hapa tuzungumze, mimi nina mdomo mpana."

Wazee wakacheka, lakini hakuna aliyesogea kumpa shangazi njia ya kunifikia, na walipomaliza chakula chao nikashuka nao kwenye kigari chao cha kuteleza juu ya theluji, kinachokokotwa na farasi, jua likiwa bado halijazama.

Kesho yake Mederbek akaja kwetu na viatu vyangu, vimeng'arishwa, akalia mbele ya mama. Akasema pazia ni la kufichia magodoro ya wageni, mtandio ni wa shangazi, sahani ni za wateja, na gari lilikwenda kulichukua lile kundi. Kila jambo alikuwa na jibu lake. Kisha shangazi akaja na hereni za uchumba, akaziweka mezani, na mama hakuzirudisha, akazifunika kwa sahani. Nilipolia akaniambia, "Umeingia nyumba ile ukatoka, mji mzima unajua, nani atakuoa? Mimi baba yako alinichukua hivyo hivyo, mbona nimeishi?" Mshauri, sikuwahi kulijua hilo. Nikamwuliza, "Ulimtaka?" Akaenda kutia kuni jikoni.

Sasa Mederbek anataka twende Jumapili, mimi na yeye tu, nikakague kila kitu kwa macho yangu. Je, nimemdhulumu kwa kumshuku? Niende?

Aikanysh (jina si langu), Karakol

JIBU

Mwanangu Aikanysh,

Usiende. Nalisema kwanza, usije ukachoka kusoma kabla hujalifikia.

Na umenishangaza. Msichana aliyevuka theluji kwa mabuti ya mwingine akaingia kwa wageni bila hodi, leo ananiuliza kama alikosea? Kosa lako nitakwambia: uliuliza ni kundi la nani, hukujibiwa, na bado ukapanda gari. Siku nyingine usipojibiwa, baki nyumbani. Hilo ni la kwako, nalo ni dogo. La kwao silo dogo.

Nimeyapima majibu ya Mederbek, maana huenda kijana wa watu anasingiziwa. Pazia, haya. Mtandio, haya, shangazi ana kichwa. Sahani, haya. Lakini theluji ilichagua kulowesha viatu vyako tu? Na kundi hilo, hadi leo umetajiwa jina la mtu hata mmoja? Kuna jambo jingine, nimeisoma barua yako mara mbili kulitafuta: alilia, akaeleza, akaleta viatu, lakini hakuna mahali amekuuliza, "Wewe unanitaka?" Huenda mpango wote ulikuwa wa shangazi. Mimi sijui, na wewe hujui. Basi akajieleze mahali unapoweza kuinuka na kuondoka, si juu ya mlima usio na simu.

Mama yako usimgombeze. Anakusukuma kwenye njia aliyoburutwa yeye, kwa sababu akikubali kwamba ile njia ni mbaya, itambidi alie miaka yake yote kwa mpigo. Kaa naye, mshike mkono, akitaka kusimulia msikilize. Lakini asikuchagulie. Maumivu yake si mahari yako.

Sasa vitendo. Hereni hizo kila siku zinapolala kwenu zinasema "ndiyo" kwa niaba yako. Mchukue mjomba wako au dada mwenye sauti, mwende mchana, mjini si mlimani, umpe shangazi mkononi mbele ya watu, useme neno moja: "Sikukubali." Usieleze, usiombe radhi, chai yao usinywe. Mederbek akitaka maongezi, aje kwenye mgahawa wa sokoni saa sita mchana, na huyo mjomba au dada akae meza ya jirani. Ukigundua bado unampenda, mpende kwa mbali hadi akuulize na aweze kulisikia jibu lolote. Zuura msalimie tu, na mwaliko wake usiupokee tena. Mwambie na daktari wako yaliyotokea, ajue pa kuanzia siku usipofika kazini. Mtu akikugusa au gari likikusubiri nje, nenda polisi, na wakikwambia ni mila, wajibu kwamba sheria ya nchi hii inaiita jinai.

Anza na hereni, tena leo. Ukishazirudisha niandikie mstari mmoja tu, nipate usingizi.

Bi Anarkan