Gunia la Raba Yatima

Mama,

Kwanza usinikasirikie, gunia sijalitupa. Josephat alitaka litoke hata kabla matanga hayajaisha. Mtoto wako wa mwisho alisimama pale mlangoni akasema, "Raba za mguu mmoja mmoja ni za nani sasa? Mama ameenda, na haya mambo yaende." Nikamwambia kama gunia linatoka, atoke nalo abebe mgongoni mpaka kwake. Akatoka yeye. Gunia liko chini ya kitanda.

Pili, Jumamosi nakimbia. Si zile mbio za kanisa za kuzunguka uwanja halafu soda. Hizi ni kilomita hamsini, kupanda na kushuka milima ya Ngong, njia ya ng'ombe na mawe, tena baada ya hii mvua wanaita El Nino, ambayo hukuiona, na ushukuru. Niliona tangazo kwa duka moja pale Satellite nikajiandikisha kabla akili haijanirudia. Wote wamecheka. Mwenye ploti ninayopanga ameniuliza kama kuna mbwa ananifukuza. Ni Akinyi tu, yule muuza omena wa Kibera, alisema tutafanya mazoezi pamoja.

Na wewe najua ungesema nini. "Huyu ni wa kuanza, si wa kumaliza." Ulisema nilipoacha kushona. Ukasema nilipoacha kwaya. Ukasema mbele ya mama mkwe wangu, Mama, na hiyo mpaka leo sijasahau. Hata kwa kitanda cha hospitali ulisema, nilipokuletea ile sweta niliyokuwa nakufumia na mkono mmoja haujaanzwa. Ukacheka, ukaivaa hivyo hivyo. Tukakuzika nayo, mkono mmoja haupo.

Ndiyo maana hii lazima nimalize. Kushika namba sitaki, medali sitaki. Kumaliza tu.

Sasa viatu. Hapa cheka, nimekuruhusu. Si unajua mguu wangu wa kulia ulivyouzidi wa kushoto nambari nzima? Maisha yangu yote ulikuwa unanijazia gazeti kiatu cha kushoto. Basi nilienda Kibera kwa jamaa mmoja wa mitumba, nikaona raba nyeupe pee, soli nene. Mimi, mtoto wa Mama Raba, niliyekulia juu ya belo zako za mitumba! Ulinifundisha kunusa hata kabla sijajua kusoma: "Raba ikinuka gundi mpya, ina siri." Lakini palikuwa na wateja wamevaa suti, nikaona haya kuingiza pua kwa kiatu mbele ya watu. Nikalipa, nikajaza gazeti langu, nikaenda zangu.

Mazoezi ya kwanza nazo, kilima cha tatu, ndani ya matope, nilipiga hatua mguu ukaja, soli haikuja. Akinyi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona nalia, akararua upindo wa leso yake akanifunga kiatu. Nilirudi Kawangware nachechemea, mguu wa kushoto malengelenge matupu, maana gazeti likilowa linakuwa kokoto. Lakini si miguu iliyoniliza. Nililia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunigombeza. Haki ya Mungu, siku hiyo nilitamani uniite mjinga hata mara moja.

Josephat aliposikia alipiga makofi: "Mtoto wa Mama Raba ameuziwa gundi!" Akaniambia niache tu, heshima ibaki. Ati niache! Kwa hasira nikalivuta lile gunia nikalimwaga sakafuni.

Kila belo huja na raba moja iliyopotelewa na mwenzake, na wenzako wote pale soko la 46 walikuwa wanatupa. Wewe unaosha, unaanika, unafunga kamba, unaweka. "Mwenzake yuko njiani." Mama, tuseme ukweli, miaka yote hiyo hakuja hata mmoja. Na bado uliziosha zote mpaka ndani ya matundu ya kamba. Nilinusa moja baada ya nyingine bila haya. Nikapata ya kushoto, bluu, nambari tano, soli ya meno. Nikapata ya kulia, nyekundu, sita, meno vile vile. Nikavaa, nikasimama. Gazeti la wapi! Miguu yote miwili imeshikwa sawa, kwa mara ya kwanza tangu unizae.

Unaona vile tulivyo vipofu? Watu wa raba, tumekaa miaka tukitafutia kila kiatu pacha wake, na mwenye miguu isiyolingana analala juu ya gunia. Hata wewe hukuona, Mama. Hata wewe!

Wiki tatu sasa nakimbia nazo, kutoka hapa mpaka Kibera kumchukua Akinyi, kisha msituni, na milimani mara mbili. Lengelenge hata moja sina. Watoto wa hapa wanapiga kelele, "Mathe, ulivaa gizani, stima zikiwa zimepotea?" Nawaambia ndiyo, na bado mtaona mgongo wangu tu. Karani wa mbio naye aliniangalia miguu akaniuliza kama sina zingine. Nikamwambia sina, na ningekuwa nazo nisingevaa.

Sikudanganyi, naogopa. Sijawahi kupita kilomita thelathini na tano na sijui huko mbele kuna nini. Lakini wakinikuta nimelala njiani, watanikuta kichwa kikiangalia mbele. Na kama wamekunja kamba yao ya mwisho wa mbio wakaenda nyumbani, nitapita pale kamba ilipokuwa.

Pasaka nakuja nyumbani. Nitakuwekea kaburini vitu viwili. Cha kwanza ni ule mkono wa sweta. Nilimaliza kuufuma jana, Mama. Nimemaliza, na Akinyi ni shahidi. Cha pili ni raba, moja bluu, moja nyekundu, na matope ya mlima mzima.

Lala vizuri. Na nakujua, mikono itakuwasha ukiziona. Hayo matope ni yangu. Usiyaoshe.

Mtoto wako,
Kavere