Namba Sita, Kabula

Kabula mdogo wangu,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba nazunguka kama mwalimu anayetafuta chaki iliyo mkononi mwake. Haya, leo sizunguki. Nina hasira tangu siku tuliyokuzika, na mtu anayenikera kuliko wote hunyoa ndevu kwenye kioo changu kila asubuhi.

Lakini ngoja nimalizane na Shangazi kwanza, maana huyo ndiye rahisi.

Siku ya tatu ya msiba, hapo nyumbani Magu, alisema mbele ya watu, Mama akiwa palepale kwenye mkeka: "Ni damu ya huyu. Watoto wake wawili wa kwanza walikwenda hivihivi, sasa Kabula. Arobaini ikipita arudi kwao, mji wa kaka yangu upumue." Wazee wakaguna kukubali. Mama akatazama vidole vyake. Na mimi, mwalimu wa baiolojia mwenye kitambi na kipara cha heshima, nilikohoa. Huo ndio ulikuwa mchango wangu. Nilikohoa.

Na nilikuwa najua! Selimundu, ugonjwa huo wa damu uliokuondoa, nimeifundisha mpaka naweza kuifundisha usingizini, na wanafunzi wangu watakwambia kwamba wakati mwingine ndivyo ninavyoifundisha.

Niliporudi Nyegezi nilifungua kompyuta ya shule, nikaingia kwenye tovuti moja inayoonyesha protini kama kitu unachoweza kukigeuza huku na huku. Unaandika himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, inakuja, mikunjomikunjo kama riboni ulizokuwa ukizisokota kwenye cherehani yako Buzuruga. Unachagua asidi amino moja, yaani pingili moja ya mnyororo wa protini hiyo, unaweka nyingine mahali pake, unatazama kinachotokea. Nikaenda namba sita, kama nilivyoandika ubaoni miaka yote. Nikabadilisha. Nikaona mambo hayalingani na kitabu. Kumbe wenye tovuti ile wanahesabu na asidi ya mwanzo kabisa, ambayo mwili huikata na kuitupa. Vitabu vyetu haviihesabu. Sita yetu kwao ni saba. Nilikuwa nimembadilisha jirani asiye na kosa.

Najua ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi sikucheka. Nilimwona Mama kwenye mkeka.

Nikarekebisha. Unajua kilichotokea? Hakuna. Umbo likabaki lilelile, nikadhani mtandao umekwama. Protini yako ikiwa peke yake, Kabula, haina neno. Mpaka nilipofungua picha ya mbili zikiwa pamoja ndipo nikaona: ile asidi mpya haipendi maji, imekaa juujuu, na jirani yake ana kishimo kinachoitosha sawasawa. Oksijeni ikishaondoka, inanasa humo. Inayofuata inanasa. Zinakuwa fimbo ndefu, fimbo zinaikunja chembe ya damu kama mundu, na mundu unaziba njia. Nilikaa nikiitazama. Kwa hiyo hicho ndicho ulichokuwa ukiniambia kila maumivu yalipokuanza: "Kaka, viungo vimeanza kikao, na ajenda ni mimi." Na ulipokuwa mdogo, asubuhi za baridi, nilikuburuta ziwani kuteka maji nikikuita mvivu. Mvivu!

Siku ya arobaini nilibeba kompyuta hiyo mpaka Magu, nikaiweka juu ya kigoda mbele ya ukoo mzima. Shangazi akaibetulia midomo. "Hayo madude yanayozunguka ndiyo yameua mtoto wetu?"

Nikawaeleza taratibu. Kwamba ili mtu augue kama Kabula, lazima arithi kasoro hii pande zote mbili. Moja ilitoka kwa Mama. Moja ilitoka kwa Baba.

"Unamtukana kaka yangu kaburini?"

"Shangazi, shikamoo yako nilishakupa asubuhi. Sasa kaa unisikilize."

Kabula, nilipiga kelele. Mimi! Kifungo cha shati kikaruka tumboni kikatua kwenye sahani ya Baba Mdogo, na hakuna aliyecheka. Nikawaambia nimepimwa baada ya msiba, nami nimebeba moja. Nikawaambia mwanamke huyu amezika watoto watatu, na kila mara mmemfanya mchawi wa watoto wake mwenyewe.

Baba Mdogo akakitoa kifungo kwenye wali, akakifuta, akanirudishia. "Kwa hiyo na sisi tumo."

"Mmo, Baba."

"Basi shemeji haendi popote."

Nilidhani nimeshinda. Nikamgeukia Mama kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umejua tangu lini, mwanangu?"

"Tangu chuo, Mama."

"Na miaka yote wakiniita hivyo, ulikuwa umekaa wapi?"

Nilikuwa nimekaa hapohapo, Kabula, kwenye viti vya wageni, nikiita woga wangu heshima kwa wazee. Watoto wa watu niliwachorea ubaoni. Mama yangu sikumwambia. Na wewe nilikwambia jina la ugonjwa tu, nikakuacha ufe ukidhani ulimponza Mama. Aliinuka akaenda kuanua nguo, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Juzi Shangazi alipiga. Hakusalimia wala hakuomba radhi. "Yule mjukuu wangu wa kike, vidole vimemvimba, analia. Ile damu mnapimia wapi?" Nilitaka kukata simu. Hasira ilinijaa mpaka masikioni. Lakini yule mtoto ana miaka miwili, na hajamtukana mtu.

Jumatatu nampeleka kupimwa. Kabla ya hapo, Jumamosi, nitakuwa Magu. Mama akinipa mgongo, nitakaa nyuma ya mgongo huo mpaka achoke, nimwambie kila nilichopaswa kumwambia, kuanzia mwanzo.

Pumzika, mdogo wangu. Kikao chako kimefungwa. Changu ndiyo kwanza kinaanza, na safari hii sikohoi.

Kaka yako