Embe mafuta la Unguja

Maskati, Jumanne, 1968

Hata sasa sijui nani aliyekosea, mimi au mke wangu.

Binti yetu Zuwena kaniletea embe mafuta kutoka meli ya Mombasa, kanilisha kwa sukari. Nikamweleza kuwa jina lake jingine, avokado, lilianzia kwa wenyeji wa Meksiko, Wahispania wakaligeuza. Sisi tukalifananisha tunda lenyewe na embe tulilolizoea. Hayo yote niliyakumbuka. Nikaongeza, "Mti wetu Unguja ulikuwa karibu na kisima."

Mama yake akacheka. "We mzee! Sisi tulikuwa na mpera tu. Kisima na mti vilikuwa vya jirani."

Zuwena alinitazama.

Maradhi haya yaliyonilaza kitandani hayanitishi. Nnaogopa kufa na nyumba ya watu wengine kichwani, nikidhani ni yetu.