Yaya, Ulicheka Niliposema Nitavusha Watoto

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, Mama Furaha,

Usianze kucheka kabla sijamaliza salamu. Ni mimi, Zakaria, mdogo wako, yule uliyezoea kuwaambia watu: "Maneno ya Zakaria muyagawe mara mbili, yenye kubakia mupe imbwa." Nimekaa nje ya nyumba yako, kwenye kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi, na kalamu nilimnyang'anya mwanao Neema asubuhi. Mwandiko usiulaumu. Unajua niliishia darasa la nne kule milimani kwetu Kongo, na hata hilo la nne, mwalimu alikimbia vita kabla yangu.

Siku ile hospitalini Mbarara ulikuwa huwezi kuinua hata mkono. Presha ilikuwa imekumaliza. Tulikuzunguka wote, wanao, majirani, mama wa kanisa. Hukuuliza mahindi yako. Hukuuliza hata Neema atakaa na nani. Uliuliza: "Nani atavusha batoto?" Watu wakatazama chini. Mmoja akatazama dirishani, kama vile mtu wa kuvusha watoto angepita hapo nje akielekea sokoni. Nikasema, "Miye." Ukafungua macho. Ukaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu. Ukasema, "Weye?" Halafu ukacheka, Yaya. Pumzi ya kumeza maji ulikuwa huna, lakini ya kunicheka uliipata.

Kesho yake tulikurudisha Nakivale, kambini kwetu, umefunikwa shuka.

Basi barua hii ni jibu la kicheko kile. Kaa vizuri huko uliko.

Wewe ulikuwa na kamba. Kila asubuhi uliipitisha mtaani kwetu, ile kamba ya katani yenye mafundo, kila mtoto mdogo akashika fundo lake, wewe mbele na fundo la kwanza, mpaka pale chini ya kilima ambapo barabara kubwa inakata njia ya shule. Hapo ulisimama ukatega sikio, maana vumbi la malori yanayotoka Ngarama halionyeshi kitu. Halafu ukavuta. Hukuwahesabu kwa kidole hata mara moja, kwetu mtoto hahesabiwi. Ulitaja nguo: wa sweta ya kijani yuko, wa mistari yuko, wa shati la baba yake yuko. Wakifika ng'ambo ulirudi shambani kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Tulipokuzika, watoto wakawa wanavuka kila mtu na Mungu wake. Wengine mama zao waliwazuia nyumbani. Yule mtoto wa Mama Riziki, jirani yako wa mlango wa bluu, boda boda ilimpitia karibu hivi kwamba iliondoka na kiatu chake, mguu ukabaki. Kiatu hakijaonekana mpaka leo. Hiyo usiigawe.

Nikachukua kamba yako. Nilijua nitaiweza, mimi niliyemtazama chui wa milima ya Itombwe mpaka akaomba njia. Lakini kamba hainijui, Yaya. Watoto waliivuta huku na huku, wakanizungusha kama ndama anayekataa dawa ya kupe, nikaenda chini katikati ya barabara na kofia yangu. Wa sweta ya kijani akaniinamia akauliza kwa upole kabisa, "Mujomba, ni weye tunavusha?"

Mtaa mzima ulicheka. Nikajua ulipokiacha kile kicheko.

Nikaenda Mbarara. Nilisema naenda kutafuta waya za breki, na kweli nilizitafuta, nitakuambia. Lakini pale mjini nilimwona polisi wa barabarani mwenye glovu nyeupe. Anainua mkono tu, magari yananyamaza. Nikasimama kumwangalia tangu asubuhi mpaka njaa ikanikumbusha. Mwishowe akanijia. "Muzee, wewe nafanya nini hapa?" Nikamwambia, "Nasoma." Akaniangalia sana, akarudi kazini kwake, lakini baada ya hapo alikuwa anainua mkono vizuri zaidi, kama mwalimu aliyetembelewa na inspekta.

Nikarudi na mkono wangu. Nikauinua pale chini ya kilima, mbele ya lori la ndizi za matoke. Lori halikunyamaza. Niliruka mtaroni, nikarudi nyumbani nikiwa na rangi ya barabara, na mke wangu akanipita mlangoni akifikiri ni mgeni. Hii unaweza kuigawa kidogo.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye kigoda hiki hiki nikajiuliza: Zakaria, ni kitu gani unachokijua bila kuongeza chumvi? Nikapata kimoja. Ng'ombe.

Unakumbuka baba alivyotufundisha kuvusha kundi? Tanguliza anayechechemea. Wenye mbio wakitangulia, kundi linakatika vipande na dhaifu anabaki nyuma peke yake. Akitangulia dhaifu, wote wanakuwa kitu kimoja. Wewe ulimweka Neema katikati ya kamba, na ule mguu wake wa kushoto ukawa unaburutwa. Mimi nikamweka mbele. Nikachukua fimbo ya baba, ile iliyotoka nasi Kongo wakati ng'ombe hazikutoka, nikatembea pembeni nikipiga mluzi ule wa kuwatuliza. Wakatulia. Walikwenda kama maji kwenye mfereji.

Mama zao wakanijia juu. Mama Riziki akamtoa mtoto wake mstarini kwa sikio. "Batoto betu haiko bang'ombe, Zakaria. Kama ng'ombe zako zilikwisha, usitafute zingine kwetu." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu zilikwisha kweli. Lakini nilimjibu. Nilimwambia, "Mama Riziki, ng'ombe yangu hakuna hata moja iliyonyang'anywa kiatu." Akamshika mtoto mkono, akaondoka bila kunitukana, jambo ambalo wewe mwenyewe hukuwahi kulishuhudia.

Na wale wanafunzi wakubwa wanaotoka nyuma ya kilima kwa baiskeli, unawajua, watatu juu ya moja, breki yao ni kisigino. Ng'ombe hateremshwi mlima mbio. Nikakaa juu ya kilima na fimbo: hapa kila mtu anashuka, anasukuma kwa mkono mpaka chini. Walinuna. Mmoja akaniita "komanda wa mbuzi." Lakini zile waya za Mbarara nilizifunga kwenye baiskeli zao mwenyewe, na vipande vya breki nilivikata kwenye lugabire zangu, hizi sandali za mpira wa gari. Nilitembea peku msimu mzima wa vumbi. Sasa wanasimama wakitaka, si wakigonga. Komanda ni mimi.

Sasa sikiliza lenyewe.

Asubuhi ile watoto walikuwa katikati ya barabara, Neema mbele na mguu wake, anakwenda kama mtu anayepima kitambaa. Nikasikia lori. Halikuwa mbali. Lilikuwa linashuka kilima, limejaa ng'ombe za kupeleka Mbarara, na mkono nilishajua haufai. Kuwavuta warudi, kundi lingekatika. Yaya, sikufikiri. Mwili ulifikiri. Nikaenda mbele yao upande wa lori, nikalaza fimbo ya baba chini, kukata barabara, nikasimama nyuma yake.

Wewe unajua maana yake. Kwetu fimbo ya mchunga ng'ombe ikilala njiani, mtu haivuki. Awe rafiki, awe adui, anasimama, anamwita mwenyewe, anangoja. Anayeivuka anaharibu ng'ombe zake mwenyewe. Lakini hiyo ni kwetu. Dereva ni Munyankore, mtu wa huku Uganda. Nilikuwa nimelaza desturi ya milimani mbele ya matairi ambayo hayajawahi kupanda hata kilima kimoja cha kwetu.

Lori likalia. Vumbi likaja kwanza, likatufunika wote, nikasikia ng'ombe zinagongana huko juu. Vumbi lilipopungua nikaona bampa. Kati yake na fimbo angeweza kulala mtoto mchanga, mtu mzima asingeenea.

Dereva akatoa kichwa, mtu mnene mwenye kofia pana. "Muzee, unataka kufa?"

"Nataka hawa wapite."

Turniboi, yule utingo wake, akamwambia, "Pita tu, ni kijiti." Dereva akamgeukia kama aliyetukaniwa mama. "Kijiti? Wewe umezaliwa kwa duka? Hauoni hii ni fimbo ya ng'ombe?" Akazima injini. Yaya, akazima kabisa, hata ufunguo nikausikia. Akashuka, akaja mpaka kwenye fimbo, akasimama upande wake. Hakuivuka. Kumbe na kwao desturi ni hiyo.

Akauliza kwa heshima ya kwao, "Sebo, ng'ombe yako iko wapi?"

Nikamwonyesha watoto. "Ndizo hizo."

Akawatazama, wa kijani, wa mistari, wa shati la baba. "Ni ya rangi mingi," akasema. "Inaenda wapi?"

"Shule."

Akavua kofia. Tukangoja wote wawili, yeye upande wake na mimi wangu, mpaka wa mwisho akafika ng'ambo. Ndipo nikaokota fimbo, tukasalimiana kama watu. Hii yote, Yaya, usiigawe hata mara moja. Ipokee nzima.

Habari ilifika Base Camp, kwenye ofisi za kambi, kabla ya lori. Madereva wengi siku hizi wakiiona fimbo imelala wanazima. Yuko boda boda mmoja aliyeivuka akicheka, akaanguka mara tatu kabla ya kufika sokoni, na ya nne akaanguka akiwa amesimama. Hiyo igawe utakavyo.

Lakini mwenyekiti wetu hakufurahi. Aliita mkutano. Akasema magari ya mahindi ya msaada yanachelewa, na watoto sasa watapita njia ya chini, ile ya kando ya ziwa, kwenye mafunjo, ambayo wewe uliikataa tangu zamani kwa sababu kiboko hachagui wa darasa gani. Akaniita mbele ya watu wote. "Zakaria, nani alikupa ruhusa ya kufunga barabara?"

"Yaya wangu."

"Yaya yako alikufa."

Nikamwambia, "Basi mwende muongee naye, akiiondoa ruhusa, mimi nitaondoa fimbo."

Nilifikiri nitabaki peke yangu, na nilikuwa tayari. Halafu akasimama Mama Riziki. Mama Riziki yule yule. Akasema polepole, "Mwenyekiti, njia ya ziwa ni muzuri. Utangulize wako, sisi tutafuata." Akakaa. Mwingine akasimama, akasema wa kwake atapita penye fimbo. Mwingine alisimama tu, akabaki amesimama. Mwenyekiti akafunga mkutano kwa maombi, maombi mafupi kuliko yote niliyoyasikia katika maisha yangu.

Kesho yake Mama Riziki alimleta mtoto wake mstarini, na yeye mwenyewe akashika mkia wa kundi. Bado ananitukana. Lakini anatukana akiwa nyuma ya watoto, macho barabarani.

Kamba yako imerudi pia. Niliwapa wadogo waishike, nami nikashika fimbo. Fundo la kwanza, lile lako, hakuna aliyeligusa. Lilikuwa linaning'inia mbele ya Neema, linaburuzika vumbini, na mimi sikuwa na... Nilifikiri kulikata. Nilitoa hata kisu. Asubuhi moja Neema akainama, akalipangusa na sketi yake, akalishika. Hakuniuliza. Akatega sikio vile vile, kichwa kimeinama upande wa kulia, kama wewe. Nikajifanya nina vumbi machoni. Vumbi hapa ni mingi, watu waliamini.

Sasa nakuaga, kwa sababu jua limefika kwenye mlango wa bluu na watoto wanatoka masomoni, nao wanarudi kwa barabara ile ile.

Najua huko unagawa. Unasema, Zakaria alete shahidi. Mashahidi ninao, Yaya: wa sweta ya kijani, wa mistari, wa shati la baba, wa kiatu kimoja, na Neema wako mbele yao wote na fundo lako mkononi. Waliona kila kitu. Lakini siwaleti. Hilo ndilo nakuahidi, na utaona kama mimi ni mtu wa maneno tu. Kwa barabara ile hatakuja kwako hata mmoja. Utasubiri shahidi wako mpaka uchoke, mpaka watoto hawa wawe na mvi na wajukuu wa kuwavusha, na wakija watakuja wakitembea na mkongojo, polepole, anayechechemea mbele.

Hapo ndipo utawauliza. Na hapo ndipo nitacheka mimi.

Mdogo wako,
Zakaria